Bustani ya Forodhani: kwanza jua maji yatatokea wapi

Kaa juu ya ukuta wa Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, saa kumi alasiri siku ya bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yamejaa hadi karibu na ukingo, vijana wanapiga mbizi kwa mbwembwe, na wauza chakula wanaanza kupanga meza. Rudi hapo hapo kesho yake saa nne asubuhi utakuta mchanga mtupu, na ukuta umesimama wazi mpaka kwenye miguu yake. Kwenye bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hukaribia mita 4, na yote hutokea ndani ya saa sita. Kitu chochote utakachojenga au kupanda nyuma ya ukuta huo kinaishi juu ya pumzi hiyo ya bahari, mara mbili kila siku.

Ndiyo maana mchoro wa bustani ya mahali kama hapa usianze na miti wala viti. Uanze na swali moja la kifundi: maji yatakayoingia hapa, ya mvua, ya bahari na ya kuoshea vyombo, yatatokea wapi? Kasoro nyingi zinazoonekana baadaye, kama njia kutitia, mti kukauka ncha au lipu kubanduka, ni majibu mabaya ya swali hilo hilo.

Ukuta husukumwa kutoka nyuma

Watu hudhani adui wa ukuta wa bahari ni wimbi la mbele. Wimbi lina madhara yake: likigonga ukuta uliosimama wima hurudi chini na kuchimba mchanga kwenye msingi, na dawa yake ni mawe makubwa kupangwa miguuni juu ya tabaka la kuchuja. Lakini kuta nyingi za zamani hulemewa na maji yaliyobaki nyuma yake. Maji ya bahari hayashuki kwa kasi moja. Saa ya kwanza ya kupwa hushuka kidogo, na katika saa ya tatu na ya nne hushuka nusu ya kimo chote. Kwa bamvua la mita 4, hiyo ni mita 2 ndani ya saa mbili. Maji yaliyojipenyeza kwenye kifusi cha nyuma hayawezi kukimbia hivyo. Yakibaki juu kwa mita 1 tu kuliko bahari, sehemu ya chini ya ukuta inasukumwa kwa uzito wa takriban tani moja kwa kila mita ya mraba, kuelekea baharini.

Maji hayo yakipata ufa, hutoka na udongo mwembamba. Juu hakuna dalili. Majani yapo, vigae vipo, huku chini pakijengeka shimo. Siku mkokoteni wa miwa unapita, gurudumu linazama. Fundi asiyeelewa atajaza zege kwenye shimo, na hapo atakuwa ameziba njia ya maji na kuyapeleka mita tatu pembeni, ambako yatachimba upya.

Ujenzi wa sawa ni huu. Vitundu vya kutolea maji vya kipenyo cha milimita 75, safu mbili zinazopishana, kila kimoja mita 1.5 hadi 2 kutoka kwa mwenzake, vikiinamia baharini kidogo. Nyuma ya kila kitundu kuwe na kokoto safi za milimita 20 hadi 40, kisha kitambaa cha kuchujia, kisha ndipo kifusi. Kosa la kawaida ni kulaza kitambaa moja kwa moja kwenye mdomo wa kitundu: eneo la kuchuja linakuwa dogo kama kiganja, na linaziba kwa tope ndani ya misimu michache. Kokoto zinafanya maji yakusanyike kutoka eneo pana kabla ya kufika kwenye kitundu.

Mvua ya masika na bamvua la Machi

Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, pale mchana na usiku vinapolingana. Masika nayo huanza Machi. Kwa hiyo upo uhakika kabisa kwamba mwaka fulani mvua kubwa itapiga wakati mdomo wa bomba la kutolea maji uko chini ya bahari. Chukua eneo la mita za mraba 1,000 lililosakafiwa zege. Mvua ya milimita 50 kwa saa inaleta lita 50,000, sawa na maboza matano ya lita 10,000. Bahari ikiwa juu, hayana pa kwenda kwa saa mbili au tatu. Na nyuma ya bustani ipo Ngome Kongwe, na ipo Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Hayo si majengo ya kuyaongezea unyevu kwenye msingi.

Maji hayo yanahitaji pa kungojea. Njia ya kupitisha maji chini yake, yaani vigae vyenye nafasi juu ya tabaka la kokoto za saizi moja la sentimita 30, inafanya kazi hii bila kuonekana. Kokoto za saizi moja zina uwazi wa karibu asilimia 35, kwa hiyo kila mita ya mraba inabeba lita 105. Ukichanganya kokoto na mchanga ili "zishikane vizuri", kama mafundi wengi wanavyopenda, uwazi huo unaisha na umebaki na sakafu ya kawaida yenye bei kubwa.

Kuna sharti moja. Kitako cha tabaka hilo kiwe juu ya maji ya ardhini wakati wa bamvua, la sivyo bahari italijaza kabla mvua haijafika. Usikisie. Chimba shimo la majaribio, weka bomba lenye matundu, pima kwa futi maji yanapofika juu kabisa siku ya bamvua, ukikumbuka kwamba kilele cha ndani huchelewa nyuma ya kile cha bahari, kisha ongeza sentimita 60. Mdomo wa bomba la kutolea maji uwe na kifuniko kinachofunguka upande wa bahari tu. Kifuniko hicho ndicho kitakachokusumbua zaidi: chupa moja ya plastiki inakizuia kisifunge, magamba ya baharini yanakigandisha. Kiwekwe mahali mtu anafika kwa mkono maji yakipwa, si ndani ya chemba ya kina cha mita tatu ambayo hakuna atakayeshuka.

Ukichimba, unachimba historia

Forodhani ni mahali pa forodha, na Mizingani jirani yake ni mahali pa mizinga. Majina yanakuambia kilichopo chini. Hapa palipigwa makombora tarehe 27 Agosti 1896, na mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya Bububu ilianzia mbele ya Ngome. Bustani yenyewe ni ya miaka ya 1930. Ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena mwaka 2009: taa, mitaro, eneo la chakula na bustani yenyewe vilishughulikiwa pamoja, na huo ndio utaratibu unaofaa. Ukuta wa upande wa Mizingani ukajengwa upya katika muongo uliofuata.

Kwa kuwa Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kazi yoyote ya kuchimba inahitaji kibali na tathmini ya athari kwa urithi. Wengi huiona kama karatasi ya kuchelewesha. Kifundi ina faida: mitaro yote, ya umeme, maji safi na maji machafu, inalazimika kupangwa kwenye ushoroba mmoja uliokwisha chimbwa zamani, badala ya kila idara kuja na sururu yake. Weka ndani ya ushoroba huo mabomba matupu mawili ya akiba. Gharama yake ni ndogo, na yanaokoa sakafu isivunjwe miaka mitano baadaye.

Chokaa, na mahali ambapo chokaa haifai

Kuta za zamani hapa ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya chumvi na kuyatoa. Ukilifunika kwa saruji, maji yanashindwa kutoka kupitia kiungo na yanatokea kupitia jiwe lenyewe. Chumvi inaganda ndani ya vile vitundu na kulimeng'enya jiwe. Baada ya miaka michache viungo vya saruji vinabaki vimetokeza kama mbavu, na mawe katikati yake yamerudi ndani.

Kwa sehemu iliyo juu ya maji: futua kiungo kina cha milimita 25 au zaidi, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, loanisha jiwe, kisha jaza chokaa moja kwa mchanga tatu kwa ujazo. Chokaa iwe imezimwa na kulazwa ndani ya maji kwa miezi mitatu hivi; ile iliyozimwa wiki iliyopita ina punje zisizoiva ambazo hulipuka ndani ya lipu na kuacha vishimo. Mchanga usiwe wa ufukweni. Kila mtu anakubali hilo kwa mdomo, na kila mara gari la mchanga wa pwani linaonekana kwenye eneo la kazi kwa sababu ni rahisi. Uonje. Ulimi unatosha kugundua chumvi ambayo itakuja kubandua lipu. Kazi ikiisha, funika kwa magunia na uyanyunyizie maji wiki nzima. Upepo wa kaskazi na jua la Januari vikiikausha kwa siku moja, chokaa hubaki unga.

Sasa lile wanalosahau wapenzi wa chokaa: chokaa ya kawaida hukomaa kwa kupata hewa. Pale ambapo bahari inafunika ukuta mara mbili kwa siku, haitakomaa, itaoshwa tu. Ukanda huo unahitaji chokaa ya aina inayoganda majini, au chokaa iliyochanganywa na unga wa tofali la udongo lililochomwa. Na ratiba ya kazi inapangwa na mwezi, si na mkandarasi. Siku za maji mafu (bahari isipojaa wala kupwa sana) miguu ya ukuta haionekani vizuri. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, nawe una saa mbili na nusu, au tatu ukiwa na bahati, kabla hayajarudi. Mpango unaosema "siku 20 za kazi ya msingi" kwa hesabu ya saa nane kila siku umeandikwa na mtu aliyeko bara.

Udongo na miti

Forodhani inatazama magharibi na kaskazini-magharibi. Wakati wa upepo wa kusi mji wenyewe unaikinga. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, inapata mawimbi na manyunyu ya chumvi, na huo ndio msimu wa jua kali na mvua chache. Mti ukipandwa Desemba kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi unapigwa na yote matatu kwa mpigo. Panda masika inapoanza. Mvua ya miezi miwili inakufanyia bure kazi ya kusafisha chumvi: kwa udongo unaopitisha maji, maji ya kina sawa na kina cha udongo huondoa takriban asilimia 80 ya chumvi. Kwa udongo wa sentimita 30, hiyo ni lita 300 kwa mita ya mraba, kiasi ambacho hutaki kukilipia kwa boza.

Pima kabla ya kununua miche. Kikombe kimoja cha udongo mkavu, vikombe vitano vya maji ya mvua, tikisa, acha utulie, chovya kipima chumvi. Kwa udongo wa kichanga kama huu, kipimo cha 0.3 mS/cm (milisimensi kwa sentimita, kizio kinachosomwa kwenye kipima hicho) tayari kinalingana na kama 4 kwa kipimo cha maabara, na hapo ndipo udongo huanza kuitwa wa chumvi. Utasikia ushauri wa kumwaga jasi. Jasi inasaidia udongo wa mfinyanzi uliojaa sodiamu. Udongo wa matumbawe umeshiba kalisi, kwa hiyo unatupa fedha. Tatizo lake lingine ni kwamba unafunga madini ya chuma. Majani mapya yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, na mtunza bustani anaongeza mbolea ya kukuzia bila mafanikio. Ongeza mboji, na epuka majivu. Majivu ya majiko ya mishikaki yakimwagwa kwenye mashina kila usiku yanazidisha ugonjwa huo huo.

Matandazo ni muhimu, sentimita 7 hivi, yasiguse shina. Makumbi ya nazi ni mazuri, lakini uliza yametoka wapi. Yale ya kazi ya usumba hufukiwa ufukweni miezi mingi na yamejaa chumvi. Yaoshe au yaache yanyeshewe masika moja. Kumwagilia kuwe kwa nadra na kwa kina: mti mchanga lita 40 mara mbili kwa wiki ni bora kuliko lita 10 kila siku, kwa sababu maji kidogo hukauka juu na kuacha chumvi kwenye mizizi. Maji ya kisima cha karibu na bahari yapimwe mwisho wa kiangazi, si mwezi wa Mei yanapokuwa matamu.

Miti gani? Mstari wa mbele: mtondoo, mkungu, mtakawa, mnazi, na mkadi uliowekwa mbali na njia, maana majani yake yana miiba pembeni. Mtondoo ndio ningeuchagua kwanza. Unavumilia manyunyu, hauna haraka ya kuangusha majani, na kivuli chake ni kizito. Mkungu una kivuli kipana kizuri, ila unapukutisha majani makubwa mekundu yote kwa pamoja, na majani hayo ni saizi kamili ya kuziba wavu wa mtaro. Ukiupanda, ajiri mfagiaji. Mnazi kwenye bustani ya umma unamaanisha mkwezi kila baada ya miezi mitatu kuangua madafu kabla hayajaanguka yenyewe. Bila bajeti ya mkwezi, usiupande juu ya viti. Mvinje hauogopi chumvi, lakini zulia la majani yake haliachi kitu kuota chini. Mitini na jamii yake ikae mbali kabisa na ukuta wowote wa mawe na chokaa: mzizi mwembamba unaingia kwenye kiungo na ukinenepa unafungua ukuta. Asumini na mlangilangi, ambazo harufu yake ni ya mji huu, zipande nyuma, zikikingwa na jengo au ukuta mfupi.

Na mikoko? Kila warsha kuna mtu anayeipendekeza. Kilwa Kisiwani upandaji wa mikoko ulikuwa sehemu ya kazi iliyosaidia magofu kutolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014, lakini pale kuna tope na maji yaliyotulia. Mbele ya Forodhani kuna mchanga unaohama, mawimbi ya kaskazi na nanga za mashua. Mche wa mchu, aina mojawapo ya mikoko, hautamaliza msimu.

Shimo la mti la mita 1.5 kwa 1.5, kina sentimita 90, lina udongo wa mita za ujazo 2. Mti wa kivuli uliokomaa unataka 20 au zaidi. Unganisha mashimo kwa mtaro chini ya njia, uujaze mawe ya milimita 40 hadi 60 kwa sehemu nne na udongo sehemu moja: mawe yanabeba watu, mizizi inapita katikati. Panga mashina yasikae mbele ya baraza na nguzo za Beit al-Ajaib. Jengo hilo lilijengwa lionekane kutoka baharini, na mti mmoja mpana mahali pabaya unalifuta.

Moshi, mafuta na kunguru

Usiku, bustani hii ni jiko. Mpangaji asiyekubali hilo atapanga majani mazuri na yatakuwa kifusi kabla ya Ramadhani. Eneo la meza lisakafiwe kwa jiwe gumu linalosuguliwa, si tumbawe, maana tumbawe hunywa mafuta. Maji ya kuoshea yasiguse mfumo wa mvua. Yapite kwenye sanduku la kunasa mafuta linaloyatuliza nusu saa: yakiingia lita 20 kwa dakika, sanduku liwe la lita 600. Lisafishwe mafuta na mashapo yakifikia robo ya kina, na ratiba hiyo iandikwe kwenye mkataba wa wauzaji.

Usiweke matawi mapana juu ya meza. Kunguru waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na bado wanafanya kazi yao, wakilala juu ya chakula. Kivuli cha mchana kikae kwenye baraza, ambayo ndiyo kiti cha kienyeji na haiibwi: kimo cha sentimita 45, upana 45, juu iinamie mbele sentimita moja kwa kila nusu mita ili maji yasituame.

Chuma chote cha nje kiwe cha pua daraja la 316. La 304 litaanza madoa mapema. Nondo ndani ya zege zifunikwe milimita 75. Ukingo usizungushwe vyuma kote kote. Vijana wataruka tu, kwa hiyo afadhali waachiwe sehemu yao, yenye kina kinachojulikana, ngazi ya jiwe lililokwaruzwa na mtu wa kuisugua ukoga kila bamvua.

Ukaguzi wa mwaka ufanywe mwezi Machi, bamvua, saa tatu hadi saa tano asubuhi, kwa kutembea mchangani ukitazama ukuta kutoka chini. Fungua na kufunga kila kifuniko cha bomba. Kisha simama mbele ya kila kitundu. Kikivuja maji maangavu, kiache. Kikiwa kikavu wakati majirani zake wanavuja, kimeziba. Kizibue kwa ufito na maji ya shindikizo dogo. Maji yakitoka na rangi ya udongo, panda juu ukaifunge njia iliyo nyuma yake siku hiyo hiyo, kabla mikokoteni haijafika jioni.